Bramwel Amugune na Dawa Mbili za Saratani ya Figo

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Lynnette, dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya ndugu yangu, na hata sasa siyaamini ninayoyasoma, maana mahema haya mliyoketi chini yake tuliyakodi kwa ibada ya shukrani, kwa kuwa alikuwa anapona.

Bramwel Amugune alizaliwa tarehe 14 Machi 1994 hapa Chaani, mtoto wa pili wa Mzee Elkana na Mama Phoebe, waliotoka Vihiga kutafuta kazi bandarini, akasoma shule ya msingi papa hapa mtaani, akamaliza sekondari Changamwe mwaka 2012, akisifiwa kwa soka kuliko kwa hesabu, na mwaka 2015 akaajiriwa kuwa dereva wa foklifti katika yadi ya makontena, ambako wenzake walimwita Askofu, kwa kuwa hakuanza zamu kabla ya kuwaombea, watake wasitake.

Alimwoa Velma tarehe 7 Desemba 2019, Mungu akawajalia binti, Jael, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 2021.

Septemba 2024 alianza kukojoa damu, sote tukasema ni jua la yadi na kutokunywa maji, hadi Novemba madaktari walipogundua saratani adimu ya figo, ambayo huwapata hasa vijana waliorithi chembe za selimundu kwa mzazi mmoja, na Jael alipopimwa akakutwa amezirithi vilevile. Figo ilitolewa, lakini ugonjwa ulikuwa umeshafika mapafuni, na Februari 2025 akaelezwa kuhusu jaribio la kutumia dawa mbili kwa pamoja, lisilo na ahadi yoyote, akakubali siku hiyo hiyo, akituambia kwamba zisipomfaa yeye, angalau ijulikane kabla Jael hajakua.

Picha za Julai zilionyesha uvimbe umenywea, tukakodi mahema. Alhamisi, tarehe 14 Agosti, asubuhi, akimfunga Jael viatu, alishindwa kupumua, na kabla hatujapata gari alikuwa ameshakata roho.

Wazee wa nyumbani walituma neno kwamba mwili usipasuliwe, uzikwe mzima kama desturi yetu, nasi tulikuwa tayari kutii, lakini Velma, mjane wa siku moja, alikataa katakata, akasema mumewe hakuvumilia dawa zile zote ili tumzike na jibu lake. Basi akapasuliwa, ikaonekana aliuawa na bonge la damu lililoziba mshipa wa mapafu, na pale palipokuwa na uvimbe madaktari walikuta makovu tu. Daktari anasema mtu mmoja hatoshi kuthibitisha, ndiyo maana wagonjwa wengine wa jaribio wanaendelea na dawa hizo, lakini kwake zilikuwa zinafanya kazi, jamani, zilikuwa zinafanya kazi!

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa yadini waliotutafutia basi la kwenda Vihiga, na majirani, hasa Bi Mwanabibi, ambaye si wa kanisa letu na hajaondoka jikoni mwetu tangu Alhamisi.

Bramwel, ulitaka ijulikane, imeanza kujulikana, na Jael hajafika hata miaka mitano. Pumzika kwa amani, ndugu yangu, sisi bado hatujaamini.