Mama Pumzi na Mwisho wa Ukurasa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Kama una sufuria jikoni, punguza moto. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyeandika nota za muziki maisha yake yote ya kazi, zile nota anazoshika mwanakwaya mkononi. Kwaya zote zilimwita Mama Pumzi.

Aliolewa katika familia ya wachapaji. Baba mkwe wake ndiye aliyeanzisha kiwanda cha kuchapa nota, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Harufu ya wino iliwafuata hadi kwenye mito ya kulalia. Enzi zile nota ziligongwa kwa nyundo kwenye bamba la madini, moja moja, kinyumenyume, ili zikitua kwenye karatasi zisomeke sawasawa. Bi harusi akapewa kazi ya kufuta mabamba. Baadaye nota zikaanza kuandikwa kwa wino, naye akapewa kalamu. Hakuiachia tena.

Mumewe alipenda kubana. Wimbo wa kurasa tano aliubana ukaenea nne. Basi siku moja, wasikilizaji wapendwa, kwaya ikaja kuimba hapahapa redioni, moja kwa moja. Wakafika mahali pa kuimba kwa sauti ya chini kabisa, na ukurasa ukaishia katikati ya neno. Kwaya nzima ikafunua. Mliokuwa nyumbani mlisikia nini? Karatasi. Kama mtu anayekaanga kitu jikoni.

Dada wa mumewe alikuwepo sebuleni kwao siku hiyo. Ametusimulia hivi: "Wifi yangu hakupandisha sauti. Alizima redio, akamwambia, baba watoto, umewabana watu hadi pumzi."

Tangu siku ile, kila ukurasa alioandika uliishia pale mwimbaji anapovuta pumzi. Nasema tena: pale mwimbaji anapovuta pumzi. Alipajuaje? Aliimba. Aliimba kila sauti, kuanzia ya juu hadi besi. Na besi yake, mumewe alizoea kusema, ilikuwa ya jogoo mwenye mafua.

Miaka ikaenda. Mume akafariki, mtoto wao wa kiume akashika kiwanda. Ikaja kompyuta, na anayeketi mbele yake ni mke wa huyo mtoto. Kompyuta inapanga kurasa yenyewe. Inajaza tu mpaka chini, haijui habari za mapafu ya mtu. Na macho ya mama yakaanza kuingia ukungu. Akawa na hofu moja: kwamba yeye akiondoka, kurasa zitarudi kuishia katikati ya neno.

Akavuta kiti kando ya mkwe wake.

"Imba, mwanangu."

Mkwe hakuwahi kuimba mbele ya mtu. Akajitetea kwamba hata mtoto atakayezaliwa atabembelezwa na redio. Maana alikuwa mjamzito, tumbo linafika mezani kabla yake. Mama hakubanduka. Basi akaimba, kwa aibu, mstari mmoja na nusu, akaishiwa. Akataka kuomba radhi.

"Hapohapo," mama akamwambia. "Weka alama. Akipaweza mjamzito, atashindwa nani?"

Wakacheka mpaka mkwe akashika ubavu. Kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi ya kila asubuhi. Mkwe anaimba, mama anasikiliza. Macho yalipozima kabisa, mama alikataa ukurasa kwa masikio tu.

Mama Pumzi amefariki wiki iliyopita. Mazikoni kwaya iliimba wimbo wa kitabu kipya, ambacho mkwe alikipanga peke yake. Ukurasa wa kwanza, wakavuta pumzi, wakafunua, wakaendelea. Wa pili vilevile. Wa tatu, sauti ya pili ikachelewa kidogo mno. Sisi wengine hatukugundua kitu. Mkwe, mtoto mapajani, akainua kichwa ghafla. Mumewe akadhani ni majonzi yamemzidi, akamshika bega.

Nilipomuuliza baadaye alinijibu: "Ule wa tatu nimeukata mapema. Watu wa sauti ya pili walikuwa bado na neno mdomoni. Mama angenirudisha kwenye kiti. Jumatatu naupanga upya."

Na Jumatatu akaupanga upya. Mumewe anasema aliuimba mlango ukiwa wazi, na wachapaji wakazima mashine ili wamsikie vizuri.

Kwa mwana, kwa mkwe, kwa wifi na kwa mjukuu ambaye bado hajajua kusema, poleni sana. Kituo hiki kinalia nanyi.

Nasi wengine, wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Utakaposhika karatasi ya nota, ukafika chini ukakuta umeachiwa nafasi ya kuvuta hewa, ujue kuna mtu aliketi akakuwazia, na hakujui. Wewe je, katika kazi yako kesho asubuhi, unamwazia nani?