Thelathini kwa Chaki

Opereta: Bungoma, Kitale iko kwa laini. Dakika tatu. Ongea.

Mukhisa: Haloo? Hapa ni dukani kwa Bashir, Bungoma. Nani mwenzangu?

Wabwile: Mukhisa? Ni wewe mwenyewe?

Mukhisa: Ni mimi. Ongea na nguvu, hii simu inakaanga mahindi leo.

Wabwile: Ni Wabwile. Wa gareji, Kitale.

Mukhisa: Ai, bakoki. Mulembe. Nilisema Bashir ananidanganya, ati Kitale inanitafuta. Miaka yote hii tangu tutahiriwe siku moja, kisu kimoja, hujanipigia simu hata mara moja. Leo umekuwa mzungu?

Wabwile: Mulembe, bakoki. Sikiza—

Mukhisa: Wameondoka? Maana sisi tuko tayari. Watu wamejaa kando ya barabara tangu asubuhi. Mama amevaa gauni ya kanisa, akabeba kiti yake kwa kichwa mpaka hapa nje. Ati anataka kuona mtoto wake akipita ndani ya gari ya mbio.

Wabwile: Mama yuko hapo barabarani?

Mukhisa: Na kiti, nakuambia. Anaambia kila mtu, huyo atakaa kando ya Bwana Chapchapu ni Barasa wangu, ndiye fundi, bila yeye hiyo gari haiendi. Anaambia hata wale hawajamuuliza. Jogoo amechinja jana, ati ndugu yangu asile chakula cha stesheni.

(laini inakwaruza)

Mukhisa: Haloo? Bakoki? Umepotea.

Wabwile: Niko. Waliondoka saa nne kamili. Bwana Chapchapu amewekeana dau na wenzake wa klabu kwamba atafika stesheni ya Bungoma kabla dakika hamsini kuisha.

Mukhisa: Basi hawako mbali. Nikimalizana na wewe natoka nje, sitaki kusimuliwa.

Wabwile: Mukhisa, nataka kukuuliza kitu ya kazi.

Mukhisa: Sasa hivi? Si uulize kesho—

Wabwile: Sasa hivi. Ile tairi nilikutumia na lori ya Rotich mwezi uliopita. Ile ulinishonea.

Mukhisa: Ya pikapu ya maziwa.

Wabwile: Hiyo. Inaweza kwenda mbio gani?

Mukhisa: Si nilikuandikia? Niliandika na chaki hapo ubavuni, thelathini. Maili thelathini, basi. Ilikuwa imepasuka mdomo, pale inashikana na rimu. Nilishona na uzi wa viatu, nikabandika kipande cha tairi ya lori kwa ndani. Kwa kubeba maziwa itakaa mpaka izeeke.

Wabwile: Na ikipita hapo?

Mukhisa: Kiraka kinapata moto. Kikipata moto kinaachia. Na haiachii polepole, bana, ati utasikia gari inayumba useme nisimame. Inaachia mara moja. Kwani siku hizi maziwa inakimbia?

(laini inakwaruza)

Wabwile: Haikuwa ya pikapu.

Mukhisa: Sema tena, sisikii—

Wabwile: Nimesema haikuwa ya pikapu. Nilikudanganya. Bwana aliagiza tairi tano Nairobi. Alichagua mwenyewe ndani ya kitabu, akaniita nione. Akasema hizi mpira yake ni laini, inashika barabara, na ubavu ni mwembamba kwa hivyo haishiki moto upesi. Nne za kufunga, moja ya spea.

Mukhisa: Endelea.

Wabwile: Nne nilifunga na maji ya sabuni na mikono mitupu, kama vile alitaka. Unajua hizo rimu za spoku, hazitaki nguvu. Ya tano mikono ilikuwa imechoka. Nikachukua ile chuma yangu ya kuingizia tairi.

Mukhisa: Ile ya springi ya lori?

Wabwile: Hiyo.

Mukhisa: Wabwile, kwa tairi ya mbio? Hiyo chuma hata mimi siwezi kuiweka karibu na—

Wabwile: Najua. Mdomo ukapasuka. Ningesema ukweli angenifukuza na barua mbaya, na ukishapewa barua mbaya hapa Kitale huokoti kazi tena, hata ya kufagia. Nina watoto wanne. Nikasema ni spea tu. Spea inalala kwa buti, nani ataiamsha.

Mukhisa: Basi si bado imelala kwa buti? Bakoki. Si bado iko kwa buti?

Wabwile: Rotich amefika hapa na lori sasa hivi, ametoka upande wa Kiminini. Amekutana nao wamesimama. Msumari. Barasa amepiga magoti kwa vumbi anabadilisha gurudumu, bwana amesimama nyuma yake na saa mkononi.

Mukhisa: Anabadilisha na nini?

Wabwile: Mukhisa—

Mukhisa: Nimekuuliza. Anabadilisha na nini?

Wabwile: Na spea.

Opereta: Dakika tatu. Kitale, unaongeza?

Wabwile: Ongeza. Ongeza, tafadhali.

Mukhisa: Gurudumu gani?

Wabwile: Ya mbele.

Mukhisa: Upande gani?

Wabwile: Kushoto.

Mukhisa: Upande wa Barasa.

Wabwile: Upande wake. Na bwana amepoteza dakika kumi, na unamjua, lazima azitafute kwa mbio. Rotich anasema wakati wanaondoka mawe iliruka mpaka ikapasua taa ya lori. Nilianza kupigia Kimilili hapo njiani, hakuna mtu anashika simu. Nikajaribu Chwele, lazima wapite hapo, laini ina mtu. Sina mahali pengine, bakoki. Naogopa.

Mukhisa: Ngoja. Bashir. Bashir, acha hiyo mizani. Washa lori. Toa hilo pazia jekundu la dirishani, ndiyo, ling'oe tu, nitakushonea lingine. Shika njia ya Kibabii, uweke lori katikati ya barabara, upunge hilo pazia mpaka gari ya mbio isimame. Ikikupigia honi usitoke. Sikuelezi, nenda.

Wabwile: Ameenda?

Mukhisa: Anaizungusha ile handeli. Haijawaka. Inakohoa tu.

(laini inakwaruza)

Mukhisa: Imewaka. Ameenda.

Wabwile: Asante. Mungu amsaidie awahi.

Mukhisa: Usinishukuru. Mimi nilijua.

Wabwile: Ulijua nini?

Mukhisa: Kwamba si ya pikapu. Nimeshika tairi miaka kumi na moja, nisijue tairi ya pikapu? Ilikuwa nyepesi, mpira unabonyea kwa kidole. Nilidhani umeiiba mahali. Nikasema moyoni, huyu ni bakoki, tulisimama pamoja pale mtoni na matope mwilini kabla ya kukatwa, nitamuulizaje kama ni mwizi? Mtu haulizi bakoki wake kitu ya aibu. Nikashona, nikanyamaza.

Wabwile: Kama ungeniuliza, ningekuambia.

Mukhisa: Na kama ungeniambia, ningeikata katikati na msumeno. Nisingeshona hata sindano moja. Sasa tumeheshimiana sana, wewe na mimi.

Wabwile: Mukhisa, nisamehe.

Mukhisa: Ngoja kwanza. Ngoja, bakoki. Iko kitu. Barasa amesoma.

Wabwile: Amesoma, ndiyo.

Mukhisa: Na anajua mwandiko wangu. Anajua ile thelathini yangu, hata akiwa mdogo alikuwa anaicheka, ati sifuri yangu ni kama yai. Alipotoa hiyo spea kwa buti lazima ameiona. Iko hapo ubavuni, kubwa hivi, nyeupe. Ataambia bwana twende polepole. Barasa haogopi kusema. Si ndiyo? Ataiona tu. Wabwile? Si ataiona?

Wabwile: Niliifuta.

Mukhisa: Nini?

Wabwile: Ile chaki. Niliipangusa na kitambaa cha mafuta, bwana asiulize ni ya nini. Nilipangusa mpaka ikang'aa. Mukhisa, ongea. Nitukane hata.

Mukhisa: Nasikiza barabara. Watu walikuwa wanaimba hapa nje. Wamenyamaza.

Wabwile: Gari imefika?

Mukhisa: Hakuna gari. Wanaangalia tu upande wa Kibabii. Saa ya Bashir hapa ukutani inasema tano kasoro kumi.

Wabwile: Hizo ndizo dakika hamsini. Labda wamesimama. Labda Bashir amewa—

Opereta: Kitale, Bungoma, malizeni. Nataka hii laini.

Wabwile: Opereta, ongeza tena, nitalipa—

Opereta: Si mambo ya kulipa. Chwele wanaitaka.

Mukhisa: Chwele nani?

Opereta: Ni Chwele tu. Wanaitisha hospitali.

(laini inakwaruza)

Wabwile: Mukhisa, usifikirie hivyo. Watu wanaumwa kila siku. Inaweza kuwa mama anajifungua, inaweza kuwa mtu ameumwa na nyoka shambani—

Mukhisa: Mama ameacha kiti yake.

Wabwile: Nini?

Mukhisa: Anakuja huku dukani. Ameona vile lori ya Bashir ilitoka. Anatembea pole pole, ameshika gauni isiguse vumbi. Ananipungia mkono.

Opereta: Bungoma, tafadhali. Chwele wanangoja.

Mukhisa: Yuko mlangoni. Anauliza kama huyo kwa simu ni Barasa.

Wabwile: Utamwambia nini? Bakoki, utamwambia nini?

Mukhisa: Opereta.

Opereta: Ongea, Bungoma.

Mukhisa: Wape laini.

Wabwile: Mukhisa, usiniache hivi, ngoja kid—

(laini imekatika)