Kabla Hujaweka Jiwe Bonde la Kagezi

Mgeni rasmi, viongozi wa meza kuu, wazazi wenzetu: mwakeye, kwa salamu yetu ya Kiha.

Sisi ni wazazi wa vijana kumi na mmoja wa Kibondo na Kasulu waliosoma shahada ya sayansi ya mazingira ili wapange matumizi ya ardhi na kulinda vyanzo vya maji. Tunakukaribisha Kagezi kuweka jiwe la msingi la soko jipya. Risala hii ilipelekwa ofisi ya halmashauri ikaguliwe, ikarudi imekatwa aya tatu. Tumezirudisha.

TULIKOTOKA

Watoto walipopangiwa vyuo tuliuza maharage, mashamba ya migomba, wengine ng'ombe. Tuliambiwa, "Sayansi haina njaa." Tukaitikia kama kwaya.

MAFANIKIO

Wote wamehitimu. Aliyeajiriwa ni mmoja, Castory: anauza simu dukani kwa Nurudini, Kasulu mjini. Nurudini tunamshukuru, hakumuuliza uzoefu.

CHANGAMOTO

Kila tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka mitatu. Vijana wakaomba kujitolea. Herieth, binti yangu mimi ninayesoma risala hii, amejitolea ofisi hiyohiyo ya halmashauri miaka minne. Alipoomba barua ya uzoefu akaambiwa, "Dada, kujitolea si kazi." Alipochelewa siku moja akaambiwa, "Dada, kazi ni kazi."

Misimu miwili ya mvua alipima maji ya bonde hili kwa vigingi, sisi akina mama tukimshikia kamba. Aliandika kwamba hapa pana chemchemi: hukauka mwezi wa saba, hurudi mwezi wa kumi na moja. Akashauri soko lisogezwe mita sitini kutoka kwenye chemchemi, kama sheria inavyotaka.

Mtaalamu aliyekodiwa kutoka mbali alikuja mwezi wa nane, akakuta nyasi kavu, akaandika "eneo tupu". Hakumuuliza hata mwanamke mmoja anachota maji wapi. Ramani yake ndiyo iliyopita. Herieth alipobisha akaambiwa asihudhurie tena vikao. Leo amepangiwa kugawa maji ya chupa. Hiyo iliyo mbele yako ameiweka yeye.

Jana asubuhi msingi ulijaa maji. Mafundi wakamwaga malori mawili ya kifusi, na juu ya kifusi wakatandika lile zulia jekundu.

MAOMBI

Hatuombi ajira kumi na moja. Jibu lake tunalijua: "Linafanyiwa kazi."

Tunaomba miaka ya kujitolea iandikwe kuwa uzoefu, kwa barua yenye muhuri. Na kabla hujashika mwiko, tembea na Herieth hatua arobaini nyuma ya hema, akuonyeshe vigingi vyake. Ukiona tumesema uongo, rudi uweke jiwe, nasi tutapiga vigelegele. Usikubali kuambiwa muda hautoshi. Ngoma zitasubiri, mvua ya wiki hii haitasubiri.

Huko nyuma ni matope. Chini ya kiti chako tumeweka viatu vya mpira. Namba tumekisia.

Mungu akubariki, akurudishe salama kwako, ila kwanza akufikishe hapo nyuma. Herieth, weka hizo chupa chini, mwanangu. Mgeni anavaa viatu.

Ni sisi,
Umoja wa Wazazi wa Wahitimu wa Mazingira, Kibondo na Kasulu.
Imesomwa na Generosa Ndayikunda, katibu.