Kikanyagio cha Tatu cha Marehemu Usi Jaku Hamad

Bismillahir Rahmanir Rahim. Nyinyi wanawake mlio humu ndani, na nyinyi wanaume mlio barazani mnaonisikia kwa kipaza sauti hiki kinachokwaruza, ambacho marehemu aliahidi kukitengeneza tangu mwaka juzi: assalamu alaykum.

Sisi maiti wetu tunamsomea hitma, tunamwombea dua, tunakula pilau, tunarudi majumbani kwetu. Mambo ya kusoma wasifu na kugawa karatasi yenye picha mlangoni si desturi yetu. Lakini wenzake marehemu wa klabu ya muziki hapa Mkunazini wameshikilia kwamba lazima uandikwe, usomwe na uchapwe, na picha waliyoiweka ni ya zamani alipokuwa bado na nywele. Mimi ni Mwamvua, dada yake mkubwa. Nimepewa kazi hii kwa sababu, wanasema, hakuna aliyemjua kunishinda mimi. Ni kweli. Ndiyo maana nimechoka hivi.

Marehemu Usi Jaku Hamad alizaliwa Uroa, Mkoa wa Kusini Unguja, siku ya Ijumaa tarehe 14 Aprili 1961. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Jaku Hamad na Bi Mize Nahodha, akitanguliwa na mimi na kufuatiwa na Ismail. Mama alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa amefumba ngumi ya mkono wa kulia, mkunga akaifungua kutazama ana nini. Hakuwa na kitu. Mimi naamini alikuwa keshampa mtu.

Alianza masomo Skuli ya Uroa mwaka 1968, na mwaka 1975 aliletwa mjini kwa shangazi yetu, katika nyumba hii hii mliyokaa, aendelee na sekondari. Alikuwa na akili nzuri, walimu wote walisema hivyo. Akaishia Kidato cha Tatu, na sababu yake nataka niieleze leo mbele ya mashahidi. Siku ya mtihani wa hesabu mwenzake wa dawati la pili alisahau kalamu. Usi akampa ya kwake, naye hakuwa na nyengine. Msimamizi alimkuta amekaa ameshika tama, akamwuliza mbona haandiki. Akajibu, "Nangoja mwenzangu amalize, mwalimu." Mwenzake alifaulu. Sasa ni mtu mkubwa na yuko hapo barazani, simtaji, anajijua.

Mwaka 1979 alianza kujifunza ufundi wa baiskeli Darajani. Kuanzia mwaka 1988 alifanya kazi ya matengenezo katika hoteli moja ya ufukweni kwetu Uroa, akishughulika na pampu, vitasa na majenereta, mpaka hoteli hiyo ilipofungwa mwaka 2004. Baada ya hapo alirudi mjini, akafungua kijikarakana chake barazani, hapo hapo mlipovulia viatu. Alitengeneza vyerehani, feni na baiskeli za mtaa mzima. Mlango wa chumba chake mwenyewe ulifungwa kwa kamba. Mganga hajigangi, najua, lakini kwa miaka ishirini?

Hoteli ilipofungwa, mgeni mmoja mpiga muziki aliyekuwa akiwatumbuiza watalii alimwachia gitaa lake. Kwa wasiowahi kuliona, msidhani ni lile la kupakatwa. Hili linalala juu ya miguu minne kama meza ya kupigia pasi, na mpigaji hukaa nyuma yake, akatelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, huku chini akikanyaga vikanyagio vitatu. Kila kikanyagio kimeungwa na vijiti vyembamba vya chuma vinavyopita chini ya tumbo la gitaa. Ukikanyaga, kijiti kinauvuta uzi, sauti inapanda taratibu, kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Ukiachia, inarudi ilipokuwa. Vijiti visipokuwepo, una meza tu.

Na vijiti havikuwepo. Hewa ya chumvi ya Uroa ilikuwa imevila vyote. Marehemu akasema, "Si tabu, ntavitengeneza." Leo ni miaka ishirini na moja.

Kabla sijafika huko, niseme habari za ndoa yake. Marehemu alimwoa Bi Sichana Muhiddin wa Jongowe, Tumbatu, siku ya Ijumaa tarehe 21 Agosti 1992. Mimi ndiye niliyemshonea joho, nikakesha nalo. Alipofika Mkokotoni kungoja kuvuka, alimkuta kijana mwengine anakwenda kuoa siku ile ile na joho lake limerowa maji ya bahari. Mshajua yaliyotokea. Ndugu yangu alikaa mbele ya kadhi kwa kanzu tupu, na joho langu likaoa Mkokotoni. Bi Sichana hakusema kitu siku ile, na hajasema kitu mpaka leo. Yuko chumbani amekaa eda, namwombea subira, ingawa ya kwake naona haijapata kwisha. Mungu aliwajaalia mtoto mmoja, Muzdalifa, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1997.

Muzdalifa ndiye aliyejifunza lile gitaa. Baba mtu alikuwa fundi tu, kupiga hakujua, sauti yake yenyewe ilikuwa ya kutisha kuku. Alivitengeneza vijiti vya kikanyagio cha kwanza, vikakaa. Akatengeneza vya cha pili, vikakaa. Muzdalifa akaingia klabu, akawa anapiga na wakubwa. Kisha akatunga wimbo wake mwenyewe, akautunga kwa ajili ya baba yake, na mwisho wake unataka kikanyagio cha tatu. Kila alipoupiga alifika pale akanyamaza, akasema, "Umebaki kidogo, Baba, nangojea vijiti vyako." Naye akamjibu mbele yetu sote, "Kabla sijafa kitakwenda, na ntausikia wote." Kikanyagio cha tatu kilitaka vijiti viwili, kirefu na kifupi. Viwili tu, jamani.

Sitaki mtu aseme hakujua kazi. Mwanzo alijaribu spoki za baiskeli, zikawa fupi na laini. Baadaye akapata vyuma vyembamba visivyoshika kutu kwa waunda boti wa Malindi. Alikibana kijiti kwenye jiliwa, akakidondoshea mafuta ya nazi, ya kwangu, ya nywele, halafu akakizungushia kikatio ili kukata meno ya kushika nati. Nusu mzunguko mbele, kidogo nyuma ili vumbi la chuma litoke, mbele tena, nyuma tena. Ukifanya haraka meno yanakatika, unaanza chuma kipya. Kijiti kikipungua kwa punje ya mchele, sauti haifiki inapokwenda. Mtu huyu aliyekuwa na subira yote hiyo kwa kipande cha chuma hakuwa na nguvu za kumwambia binadamu mwenzake "hapana."

Kwa sababu kijiti kilichokwisha kilikuwa kizuri. Kimenyooka, hakishiki kutu, kinang'aa, na kiko pale barazani kila mtu anakiona. Vile vya vikanyagio viwili vya mwanzo vilikuwa vimeshafungwa ndani ya gitaa, vikasalimika. Vya cha tatu ndivyo vilivyokuwa juu ya meza. Alianza Talib, muuza mishkaki wa Forodhani, akagundua kwamba nyama haitelezi kwenye yale meno. Akaja jirani yetu Bi Maisara. Siku hiyo nilikuwepo, nikasikia kwa masikio yangu.

"Usi baba, hebu n'azime kijiti kimoja nitazame keki yangu kama imeiva."

"Chukua, Bi Maisara."

"Hukihitaji?"

"Ntatengeneza chengine."

Alipoondoka nilimjia juu. "Na Muzdalifa je? Mtoto anangoja!"

"Da Mwamvua, mtu keshafika mlangoni. Nimwambieje?"

"Mwambie hapana! Neno jepesi!"

"Jepesi kwako," akasema, akachukua chuma kipya.

Ikawa ndiyo desturi ya mtaa. Aliyetaka kuzibua bomba alikuja. Aliyevunjikiwa na antena ya redio ya gari alikuja. Kimoja nilikiona kimetundikiwa chandarua Kikwajuni, nikamwambia mwenye nyumba kile kijiti ni cha gitaa, akacheka, akadhani namtania. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, ndivyo walivyosema wahenga. Hawakusema utoe vya mwanao.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2015. Macho yalipungua, na mwaka jana vidole vikafa ganzi, akawa hayahisi tena meno ya chuma. Hapo ndipo alipoingiwa na haraka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Mwezi wa Januari mwaka huu alikata kijiti kirefu, kile kigumu zaidi, Muzdalifa akimshikia taa na kumwambia lini asimame. Alipolazwa hospitali tarehe 2 Februari alikwenda nacho chini ya mto, akisema asipokilalia mtu atakichukua. Nikasema, alhamdulillahi, amepata akili.

Siku mbili kabla ya kufariki Muzdalifa aliinua mto, hakukiona.

"Baba, kijiti kiko wapi?"

"Nimempa yule bwana wa kitanda cha pili. Mguu wake umo ndani ya plasta, unamwasha, maskini, hana cha kukunia."

"Baba! Kile ndicho pekee tulichobaki nacho!"

"Ntatengeneza chengine, mwanangu."

Kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Yule bwana alikuwa ameruhusiwa asubuhi, ameondoka na kijiti chetu, na wauguzi walijua tu kwamba ni mtu wa Kizimkazi. Muzdalifa akatoka ukumbini akanieleza. Nilikasirika hata nikalia, na mpaka leo sijui kilio kile kilikuwa cha hasira au cha kitu chengine. Marehemu alifariki dunia siku ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025, kabla ya adhuhuri, na akazikwa siku hiyo hiyo Mwanakwerekwe baada ya Alasiri. Wimbo hakuusikia wote.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Ismail, kwani sisi wanawake tulikuwa nyumbani. Kabla ya kumsalia, Ismail alisimama mbele ya jeneza akauliza kama tunavyouliza siku zote: anayemdai marehemu aje kwa ndugu zake, na mwenye kitu cha marehemu akirudishe au aombe radhi. Kawaida watu hunyamaza. Safari hii Talib alinyoosha mkono.

"Mimi nna chuma chake."

"Na mimi," akasema mwengine nyuma.

"Hata mimi nnacho, kipo garini."

Watu walicheka, Mungu awasamehe, na imamu akasubiri. Tangu jioni ile mlango huu haujafungwa. Vijiti vimekuja vyeusi kwa moshi wa mishkaki, vimepinda kwa kuzibulia mabomba, kimoja bado kina kamba ya chandarua. Bi Maisara alileta cha kwake kimefungwa kwenye leso safi, amekisugua kwa majivu, hajakipinda hata kidogo, na analia. Muzdalifa amekaa sakafuni na vijiti vya baba yake akivipima kimoja kimoja. Kifupi kilipatikana, ni hicho cha Bi Maisara. Kirefu hakikupatikana. Vyote vilivyokuwa na urefu ule moto umeshaviharibu.

Leo asubuhi, nikiwa napepeta mchele wa hitma hii, akaingia mtu kwa magongo, mguu ndani ya plasta. Anaitwa Miraji, anaendesha boti ya kuwapeleka wageni kutazama pomboo Kizimkazi. Alisikia tangazo la kifo redioni, akakodi gari mpaka hapa. Nilimwona ana kijiti mkononi, sikumpa hata nafasi ya kukaa.

"Wewe ndiye uliyekichukua!"

"Shikamoo, Bi mkubwa. Alinipa mwenyewe. Aliniambia nikimaliza kukuna nimrejeshee, kina mwenyewe. Mimi ndiye niliyesahau."

Sikumwitikia shikamoo yake mpaka nilipokaa chini. Marahaba, Miraji. Nakuitikia tena mbele ya watu.

Katika maisha yake yote ndugu yangu hakupata kumwambia mtu arejeshe kitu. Mara hii alimwambia.

Muzdalifa amekitia mwenyewe, akafunga nati. Leo ni siku ya dua, gitaa halipigwi, nyuzi hazijaguswa. Ila nilimwona ameweka mguu juu ya kikanyagio cha tatu, akakibonyeza polepole. Kikashuka, vijiti viwili vikavuta pamoja, kikarudi. Hakukuwa na sauti yoyote. Tulisimama pale, yeye na mimi na Miraji na magongo yake. Siku za msiba zikipita atakwenda klabu kuupiga wimbo wake mpaka mwisho, na nyote mmealikwa, na msije na mishkaki.

Marehemu ameacha mjane, Bi Sichana Muhiddin. Binti, Muzdalifa Usi. Dada, ambaye ni mimi. Mdogo wake, Ismail Jaku. Na mtaa mzima wenye vitu vyake majumbani. Ambaye bado ana kijiti na akaona haya kukileta, abaki nacho. Marehemu alikwisha kukusamehe siku ile ile ulipokichukua. Mimi nipe muda.

Mwenyezi Mungu amsamehe Usi makosa yake, amwongoze kwenye rehema zake, na amjaalie usingizi wa fundi aliyemaliza kazi. Amin.