Ndugu Kalinga na Upanga wa Samurai Mwekundu

Upanga wa samurai mwekundu ulipotea Jumamosi tarehe 27 Novemba 1976, kati ya saa saba kamili na saa saba na dakika arobaini mchana, katika kantini ya karakana yetu ya Mbeya. Ulikuwa wa bati, urefu wake inchi tisa. Hadi leo haujaonekana. Naanza na hilo kwa sababu Ndugu Liberatus Kalinga, fundi bodi mkuu, anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1979, baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, na akishapanda basi la Kilolo na mizigo yake itakuwa kazi kumpata.

Sasa tuje kwenye sifa, maana anazo.

Aliajiriwa mwaka 1953 hapa karakana ya Mlandege, Iringa, akiwa na nyundo aliyokuja nayo mwenyewe, na hajawahi kumwazima mtu. Kwa hesabu za stoo, ambazo nazitunza mimi niliyeanza kwa kuosha mabasi, amenyoosha bodi sitini na tatu. Nne kati ya hizo zililetwa juu ya lori, zikaondoka kwa matairi yao. Enzi zile barabara ya Mbeya ilikuwa vumbi tupu, abiria wa kiti cha nyuma alishuka Iringa mkewe akampita asimtambue. Kalinga akaziba mlango wa nyuma kwa tyubu kuukuu. Malalamiko ya vumbi yakashuka kutoka thelathini na moja kwa mwezi hadi manne, na matatu kati ya hayo manne yaliandikwa na mtu mmoja.

Lakini hatakumbukwa kwa tyubu. Atakumbukwa kwa samurai.

Mwaka 1971 waliotuuzia mabasi ya Kijapani walituletea kalenda. Picha ya Machi ilikuwa ya samurai, askari wao wa kale, ameshika upanga kwa mikono miwili, uso umekunjamana kama wa dereva aliyeambiwa spea haijafika. Aprili ikaja, Mei ikaja, kalenda ya karakana ikabaki Machi, na barua mbili za meneja zikatoka na tarehe za uongo. Kumbe Kalinga alikuwa bado anachora.

Samurai wa Kwanza alikuwa sanduku la mbao lenye kioo cha dirisha la basi, na ndani yake samurai wawili wa bati, mwekundu na mweusi. Kila mchezaji alishika mpini uliofungwa kebo ya breki ya baiskeli. Ukivuta, samurai wako ananyanyua upanga, ukiachia, anaushusha. Ukimgonga mwenzako kifuani, kengele inalia. Deraya za samurai hao zilikatwa kwenye mfuniko wa sanduku la mkewe, Mama Paskalina, ambaye aligundua hilo wiki ya Pasaka ya mwaka 1972 alipotaka kufunga safari. Kalinga alimweleza kwamba ni shughuli ya ofisi. Mama Paskalina akasema basi na ofisi impikie. Severina, mpishi wetu wa kantini, anakumbuka kumpakulia siku tisa.

Samurai wa Pili alikuja mwaka 1973, na huyo alitumia umeme: badala ya kengele, taa ya breki iliwaka, na nyuma ya wapiganaji mlima ulikwenda kushoto na kulia kwa mota ya waipa. Betri ilikuwa ya basi namba saba. Siku moja ilirudishwa kwenye basi ikiwa hoi, na basi likazimika Nyololo na abiria arobaini na mmoja, wakalisukuma. Meneja alidai maelezo kwa maandishi. Kalinga alijibu kwa mstari mmoja kwamba betri ilitumika katika mafunzo ya umeme.

Samurai wa Tatu, mwaka 1975, ndiye aliyenimaliza mimi. Alikuwa na mita mbili za maili zilizong'olewa kwenye mabasi mabovu, moja kwa kila mchezaji, na kila pigo lilisogeza namba. Sanduku lilifunikwa turubai, likapanda juu ya basi, mwezi mmoja Mbeya, mwezi mmoja Iringa. Kabla ya hapo karakana hizi mbili zilijuana kwa barua za kulaumiana tu. Sasa waliosindikiza samurai walibeba na gasketi za wenzao. Mabasi yaliyolala njiani kwa kukosa spea yalikuwa kumi na saba mwaka 1974. Mwaka 1976 yalikuwa sita. Sifa hiyo ni ya Kalinga, hata kama kwenye ripoti iliandikwa jina la mtu mwingine.

Mtengenezaji mwenyewe hakucheza mbele za watu. Alisema refa hachezi. Ukweli ni kwamba alicheza mara moja na Severina, akafungwa ishirini kwa tatu.

Mchezo ulikuwa na kasoro moja. Ukiuvuta mpini nusu na kuushikilia hapo, upanga unasimama wima mbele ya kifua na hupigiki. Niligundua mwenyewe, nikawa nasubiri mwenzangu achoke ndipo nipige, nikashinda mechi kumi na moja mfululizo. Mbeya waliita wizi. Kanuni zilikuwa saba, zimebandikwa kwenye kioo, na hakuna hata moja iliyokataza. Hata hivyo Kalinga aliniambia mbele ya watu, "Shija, wewe hupigani. Umejificha nyuma ya mlango."

Ndipo ikaja fainali ya siku ile ya Novemba, kule Mbeya. Upande wa Mbeya alisimama Dada Tusekile, karani wa tiketi. Upande wa Iringa, mimi. Wa kwanza kufika ishirini anashinda. Saa saba mita zilisoma kumi na tisa kwa kumi na tisa, na chakula kilikuwa tayari uani, tukatoka kula. Kalinga alibaki peke yake na sanduku, akidai anatia mafuta. Tuliporudi, samurai mwekundu, ambaye ndiye wangu, alikuwa mikono mitupu. Severina, aliyesafiri nasi kushangilia, alimwonyesha refa koleo lililochungulia mfukoni mwake. Kalinga akamuuliza fundi bodi atembee na nini, kijiko?

Nilitaka mechi isimame. Kalinga aliinama, akachungulia kioo kwa muda mrefu, kisha akatoa hukumu: "Mikono anayo. Endeleeni."

Tuliendelea. Ilichukua sekunde nne. Tusekile alinipa mkono vizuri tu, akasema, "Pole, kaka Shija. Leo mlango ulikuwa wazi."

Tangu siku hiyo Samurai wa Tatu amekaa stoo hapa Mlandege chini ya turubai. Kalinga amekataa kukata upanga mwingine. Anasema wa kwanza utafutwe. Samurai wa Nne tuliahidiwa, hatukumwona. Na zile barua za kulaumiana zimerudi: mwaka huu peke yake zimefika tisa.

Meneja ameamua kwamba siku ya kumuaga Kalinga sanduku litakabidhiwa moja kwa moja kwa karakana iliyoshinda siku ile, pamoja na kibao cha matokeo. Upanga ukatengenezwe upya na fundi yeyote, mchezo uendelee. Kibao kinakwenda kwa mchongaji Alhamisi. Kama upanga ulianguka wenyewe, nilishindwa kihalali, na nitalifunga sanduku juu ya basi la Mbeya kwa mikono yangu. Kama ulitolewa, mechi haikuisha, na sanduku linabaki Mlandege mpaka Dada Tusekile aje tucheze pointi ya ishirini.

Ndugu Kalinga, umetufundisha kazi, umetuchekesha miaka minane, na umewakutanisha watu ambao wasingesalimiana. Karakana zote mbili zinakushukuru. Viazi vyako vya Kilolo vizae, mgongo ukupe nafasi, na uzee wako uwe wa raha pamoja na Mama Paskalina.

Lakini kabla hujaondoka, fika stoo, dirisha la pili, si zaidi ya Alhamisi tarehe 28 Juni, saa sita mchana. Sitaki hadithi ya mafuta wala ya mafunzo ya umeme. Upanga ule uliutoa, au hukuutoa?

Shija Budeba
Mtunza stoo, Mlandege