Levis Mwikwabe Gisiri, Aliyewapa Samaki Vidonge Vyake

Marehemu Levis Mwikwabe alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ntimaru, mtoto wa tatu wa Mzee Gisiri Maroa na marehemu Mama Robi. Alimaliza sekondari mwaka 1980, akapata cheti cha uvuvi mwaka 1983. Watu walimcheka: Mkuria aliyelelewa na ng'ombe asomee samaki, na hata kutoa miiba hajui.

Alifanya kazi Homa Bay, kisha Karungu. Huko ndiko alikompata Phelesia Atieno, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987. Phelesia ndiye aliyemfundisha kula omena, dagaa wa ziwani.

Mwaka 1995 alipelekwa Sweden kwa mafunzo ya miezi mitano. Huko aliwaona vifaranga wa samoni wakiyumba kama walevi, kisha wakifa. Mama zao walikuwa wamekula mno aina moja ya samaki wadogo wenye mafuta mengi, na mayai yao yakakosa vitamini B1. Vifaranga waliowekwa kwenye maji yenye vitamini hiyo walipona. Jambo hilo halikumtoka kichwani.

Februari 1998, vifaranga wa kambare wa kikundi cha akina mama wa Karungu walianza kuyumba vivyo hivyo. Levis alishuku omena mbichi waliokuwa wakilishwa kambare wazazi, asubuhi na jioni. Wakati huo mwenyewe alikuwa mgonjwa, miguu imekufa ganzi, na daktari alikuwa amemwandikia vidonge vya B1. Phelesia alizunguka maduka ya dawa siku tatu ndipo akavipata. Wiki hiyo hiyo alikuta chupa tupu, na mumewe ameinamia beseni.

“Baba Damaris, umekunywa ngapi?”

“Mbili. Hizi zingine nimesagia hawa. Angalia, wanaogelea sawa.”

“Na wewe utatembea lini?”



Levis hakutembea tena. Alifariki Jumatano, tarehe 17 Juni 1998, hospitalini Homa Bay. Daktari alisema vidonge hivyo visingemwokoa, kwani ugonjwa ulikuwa umeenea mwilini. Phelesia alisikia, lakini hajakubali, na sisi hatuna la kumwambia. Kambare wale walikua. Jana akina mama waliwaleta, wakapikiwa waombolezaji, naye Phelesia hakuonja.

Ameacha baba yake, Mzee Gisiri. Dada yake Orpah. Mjane wake Phelesia. Na watoto Damaris, Boaz na Liz, mwenye miezi kumi na minne. Mungu amlaze Levis mahali pema, na amshike Phelesia, kwa maana sisi tumeshindwa.