Sifuri Niliyombonyezea Mume Wangu

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni kwa nguvu, maana mimi nguvu zangu ni chache na habari niliyobeba ni nzito. Wengi hapa Buhare hamnifahamu. Naitwa mama Neema. Kwetu kwa kuzaliwa ni Kisorya, nimeolewa Suguti, na sasa ni mjane. Ushuhuda wangu si wa mgonjwa aliyepona. Nasema mapema ili mtu asikae akisubiri mwisho ambao haupo.

Ndugu zangu, mume wangu Majura alikuwa fundi wa mitumbwi. Mtu wa kucheka kwa sauti, tena mtu wa kula! Alikuwaga anamaliza ugali wa muhogo na samaki furu huku wenzake bado wananawa. Basi ugali ukaanza kumkwama kooni. Akawa anausukuma kwa maji. Baadaye ikawa uji tu, na uji nao ukaanza kurudi. Tukaenda hospitali Musoma, tukapelekwa Mwanza, wakatuambia ni saratani ya koo na imeshasambaa. Wakamwekea mpira wa kulishia tumboni. Daktari hakutuzungusha. Alisema kumponya hawawezi tena, ila kumtuliza maumivu wanaweza, na akiwa nyumbani kwake.

Tukarudi Suguti na chupa ya mofini, ile dawa ya maji ya maumivu makali, bomba la kuipimia, pamoja na kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma mapigo ya moyo. Muuguzi wetu, Sista Ghati, akanifundisha. Kila asubuhi simu yangu itaita, sauti iliyorekodiwa itauliza maumivu ya mgonjwa yakoje, nami nibonyeze. Sifuri ni hakuna, tano ni hayavumiliki. Halafu niingize namba ya mapigo inayosomeka kidoleni. Majibu yanaingia kwenye kompyuta yake kule Musoma.

"Mama Neema," akaniambia, "mimi siwezi kuja Suguti kila siku. Namuona mgonjwa kwa hizi namba. Ikifika tatu, nakupigia siku hiyohiyo tupandishe dawa."

Wiki ya kwanza nilibonyeza kweli. Moja. Mbili. Mbili tena.

Akaja wifi yangu Nyabise kutoka Butiama, dada yake Majura, mwanamke wa maombi ninayempenda mpaka leo. Alinikuta nimeshika simu nataka kubonyeza tatu. Akanidaka mkono.

"Wifi, unafanya nini? Unakiri ugonjwa! Kila asubuhi unamwandikisha kaka yangu kwa mauti. Kiri uzima!"

Nilikuwa nimefunga, nimelia, nimeona mbingu kimya. Nikawaza, kumbe ndiyo maana! Kumbe kidole changu ndicho kinachozuia muujiza! Nikabonyeza sifuri, nikasema amina.

Siku kumi na tisa, ndugu zangu! Siku kumi na tisa nilibonyeza sifuri, na maumivu yanapanda. Majura aliuma shuka mpaka ikatoboka. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Kila simu ikikatika alikuwa ananiuliza, "Umewaambia?" Nami namjibu, "Nimewaambia." Anatulia, anatazama mlangoni, anamsubiri mtu ambaye hakuitwa. Siku moja akanong'ona, "Basi wamenichoka." Akageukia ukutani.

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikatoka nje kuanua dagaa.

Lakini Mungu wetu, wapendwa! Zile namba za kidoleni nilikuwa naziingiza kama zilivyo, kwa sababu sikujua zinasema nini. Sista Ghati alijua. Aliona maumivu sifuri, na moyo unakimbia kama wa mtu anayefukuzwa. Akapiga mwenyewe, saa nne asubuhi.

"Mama Neema, weka sauti kubwa, nataka kuongea na mgonjwa."

Nikaweka.

"Shikamoo, baba Neema. Huku naletewa maumivu sifuri siku zote hizi. Ni kweli?"

Majura akanitazama. Tangu anioe hakuwahi kunitazama vile. Nikangoja aniseme. Akavuta pumzi, akanong'ona, "Ni tano, sista. Mke wangu macho yake hayaoni namba vizuri. Msimlaumu."

Macho! Mimi ninayesoma matangazo kanisani kila Jumapili! Mtu anayeungua kwa sababu ya uongo wangu, pumzi yake chache aliyobakiwa nayo ameitumia kunisitiri! Hapo ndipo Bwana aliponikamata. Nikaanguka magoti pembeni ya kitanda nikapaza sauti, "Sista, naona vizuri! Nimedanganya! Siku zote hizi nimedanganya!"

Nikajua sasa atanitukana, na nilitaka anitukane.

Akasema, "Asante kwa kusema, mama. Sasa chukua lile bomba la kupimia dawa. Tufanye pamoja, mimi na wewe."

Akanitajia kipimo kipya, akanihesabisha mistari kwenye lile bomba, nikampitishia dawa kwenye mpira huku machozi yananidondokea mikononi. Akapiga tena mchana, akapiga tena jioni. Kesho yake akafika kwa bodaboda, amejaa vumbi mpaka kwenye kope, na chupa nyingine mkobani. Alimkuta Majura amelala. Uso ulikuwa umelegea. Nilikuwa nimeshausahau uso ule.

Siku mbili hakunisemesha. Nilimgeuza, nilimwosha, nilimlisha, hanitazami. Nilistahili. Siku ya tatu akaomba nimsogeze mlangoni apate jua. Tukakaa. Akaniambia, "Nilikuwaga nahesabu siku walizonisahau." Akapumzika. "Kumbe hawakunisahau."

Nilishika miguu yake nikalia.

"Nimekusamehe, mama Neema," akasema. "Ila kawaambie watu wa maombi. Mtu mwingine asije akafanyiwa hivi."

Ndiyo maana niko mbele yenu leo.

Tulipewa siku kumi na mbili zaidi. Akanielekeza nani apewe tezo yake ya kuchongea na mtumbwi uliobaki nusu amalizie nani. Siku moja alicheka, kicheko kisicho na sauti, mabega tu yanatikisika. Akaondoka Alhamisi mchana, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Asubuhi yake nilikuwa nimembonyezea moja, na ilikuwa moja ya kweli.

Ijumaa uani kumejaa watu wa msiba, simu ikaita saa ileile. Sauti ile ikauliza, maumivu ya mgonjwa leo yakoje? Hakuna aliyekuwa ameiarifu. Nikasimama na simu sikioni, naitazama ile sifuri, nashindwa. Nilikuwa nimeibonyeza uongo mara nyingi, na leo ni kweli, siwezi. Nikakata. Sista Ghati akapiga mwenyewe, akalia na mimi.

Wapendwa, sikuja kumshitaki wifi yangu. Tulilia pamoja kaburini, na siku hizi akienda kuombea mgonjwa anamuuliza kwanza anaumwa wapi. Yeye alisema maneno tu, kidole kilikuwa changu. Zile siku kumi na tisa hazirudi. Namwona Majura amegeukia ukuta hata nikiwa sokoni. Hilo sijafunguliwa, siwadanganyi. Nimefunguliwa kwenye uongo niliouita imani, na kwa hilo namshukuru Mungu kwa moyo wangu wote!

Mwaminini Bwana, ndugu zangu! Mwaminini kiasi cha kusema ukweli mbele zake! Yeye mwenyewe msalabani alilia kwa sauti, watu wote wakasikia, wala Baba yake hakumwambia hana imani. Kama una mgonjwa nyumbani na kila anayekuuliza unamjibu kwamba anaendelea vizuri, ibada ikiisha nitakuwa nimekaa pale benchi la mwisho. Njoo uniambie anavyoumwa kweli. Sitakuhubiria. Tutaomba, halafu tutatoka nje, mimi na wewe, tumpigie simu muuguzi.